B ya Kiswahili: kizingiti cha sheria kwa vijana wa Kibera na Kawangware

Chuo cha Sheria cha Kenya kiko Karen, upande uleule wa Nairobi walioko Kibera na Kawangware. Lakini kinachowatenga vijana wengi wa mitaa hiyo na lango lile si nauli. Ni herufi moja: B.

Sheria ya chuo hicho ya mwaka 2012 inataja wastani wa C+ katika KCSE, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. B- haitoshi. Ndiyo maana utamkuta kijana mwenye C+ yake mkononi amejiandikisha tena kama mtahiniwa wa kibinafsi. Mchana afanya kibarua, usiku afanya karatasi za miaka iliyopita, moja baada ya nyingine. Alama hazisongi.

Kosa si uvivu. Anayefanya karatasi ishirini bila kuchunguza makosa yake hufanya kosa lile lile mara ishirini, na kila mara linazidi kumkaa.

Dawa ni kuzipasua alama. Kiswahili kina karatasi tatu: Insha alama 40, Lugha 80 na Fasihi 80. Jumla ni 200. Tuseme kijana amepata 26, 38 na 46. Jumla yake, 110, haimwambii kitu. Lakini 38 ya Lugha yamwambia mengi. Humo ufahamu una alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimu jamii 10. Nusu ya karatasi nzima ni sarufi. Hapo ndipo chombo kinapovuja.

Basi na aweke daftari la makosa. Kila alama iliyopotea aiandikie sababu: sikujua kanuni, sikusoma swali vizuri, au muda uliniishia. Baada ya karatasi tatu ataona mtindo. Aliyekosa kanuni arudi kwenye ngeli. Aliyepitisha idadi ya maneno katika ufupisho ajizoeze kuhesabu na kukata. Aliyeishiwa na muda afanye sehemu moja kwa saa, si karatasi nzima. Kisha, baada ya wiki kadhaa, ayarudie maswali yale yale aliyoyakosa, bila kuchungulia majibu. Akiyapata, ndipo afungue karatasi mpya.

Kijana wa Kawangware huangushwa na Sheng: aandika "kitabu yangu" kwa sababu ndivyo kila mtu asemavyo kituoni. Lakini sisi wa pwani tusimcheke. Mtoto wetu naye huandika "ndia" na "mato", Kimvita safi cha nyumbani, na mtahini anataka "njia" na "macho". Wengi wetu huingia chumba cha mtihani tukidhani lugha ya mama haihitaji kusomwa, kisha tukastaajabu matokeo yakija. Kuizungumza lugha ni jambo moja, kuijibia mtihani ni jingine.

Kwa nini tujali? Julai 2018, nyumba nyingi zilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu walibaki bila makao. Siku kama hiyo watu huhitaji wakili anayewajua kwa majina, aliyepita vichochoro vile tangu utotoni. Nasi pwani, tunaoishi na kesi za mashamba na maskwota miaka nenda miaka rudi, twajua uchungu wa kutetewa na mgeni, au kutotetewa kabisa.

Wakili huyo pengine yupo leo, chini ya taa, amekwama kwenye B-. Hahitaji rundo jingine la karatasi. Ahitaji mtu wa kukaa naye jioni moja kwa wiki, ampitishie daftari lake la makosa. Walimu wastaafu na wanafunzi wa vyuo wa asili ya pwani wamejaa Nairobi, na kazi hiyo yataka kalamu nyekundu na subira tu.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anayetaka kupanda na arudi kwanza palipovuja.