Mpagazi Aliyezunguka Dunia

Njoo hapa ukutani, mpwa wangu. Unaiona bogonvilia hii ya zambarau? Hapa Isevya, Tabora, imepanda mpaka juu ya bati. Chuma kishada kimoja. Polepole, ina miiba! Sasa kifungue.

"Mjomba, katikati kuna vijiua vyeupe!"

Ahsante kwa macho yako. Wengi hupita hapa kila siku wasivione. Hivyo vyeupe vidogo ndivyo maua yenyewe. Hayo ya zambarau ni majani tu, yamevaa nguo za sikukuu. Haya, nyamaza kidogo. Linataka kusema.

"Kwetu ni Brazili," linasema ua. "Mwaka 1767 meli za Wafaransa zilitia nanga Rio de Janeiro. Wakanichuma. Wakanipa jina la mkubwa wa safari, Bougainville. Lakini palikuwa na mtu wa kubeba mzigo. Yeye aliitwa Jeanne Baret."

"Mjomba, huyo Jeanne ni mwanamume?"

Umeuliza swali lenyewe! Hata mabaharia walidhani hivyo. Jeanne alikuwa mwanamke, mtoto wa maskini wa shambani, amezaliwa Ufaransa mwaka 1740. Alimsaidia kazi mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson. Siku zile mwanamke alikatazwa kusafiri na meli za jeshi la wanamaji. Jeanne akavaa suruali, akajiita Jean, akapanda.

Unawajua wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo? Basi Jeanne alikuwa mpagazi namna hiyo. Commerson alikuwa na kidonda mguuni. Jeanne akabeba bunduki. Akabeba chakula. Akabeba makaratasi ya kukaushia mimea, akapanda nayo milima ya theluji kusini kabisa mwa Amerika. Commerson akamwita mnyama wake wa mizigo. Mimi jina hilo silipendi hata kidogo. Punda hajui mimea. Jeanne aliijua.

"Mimea inakaushwaje, Mjomba?"

Si unamwona bibi akianika majani ya kunde uani? Ni karibu hivyo. Mmea hulazwa kati ya karatasi, juu hukandamizwa na kitu kizito. Karatasi ikilowa, hubadilishwa. Ukikauka, huandikiwa: umetoka wapi, umechumwa lini, umechumwa na nani. Mimea zaidi ya 6,000 ilikusanywa hivyo.

Mwaka 1768, katika safari hiyo hiyo, siri ikatoka. Jeanne na Commerson wakashukia Mauritius, humu humu katika bahari yetu ya Hindi. Commerson akafia huko mwaka 1773. Jeanne akaolewa, kisha akarudi kwao Ufaransa. Hapo duara likafunga: hakuna mwanamke tunayemjua aliyeizunguka dunia kabla yake. Mwaka 1785 serikali ya mfalme ikaanza kumpa pensheni, livre 200 kwa mwaka.

"Na ua lake ni lipi?"

Eh, mwanangu, hapo ndipo panapouma. Mimea zaidi ya 70 ikapewa jina la Commerson. Yeye aliwahi kuuita mmoja kwa jina la Jeanne, lakini halikudumu. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2012. Wataalamu waliukuta mmea wa Ekwado na Peru, majani yake hayafanani, wakauita Solanum baretiae. Baretiae, yaani wa Baret.

"Uko mbali sana, Mjomba."

Mbali? Funua hicho chungu jikoni. Mna nini?

"Mnavu!"

Ndugu yake huyo. Ukoo mmoja, Solanum. Na bilinganya yumo. Na nyanya chungu.

Chukua jani moja bichi kwenye ungo. Lilaze katikati ya daftari, juu weka jiwe la kusagia. Pembeni andika: Isevya. Andika tarehe ya leo. Mnavu huu kachuma nani?

"Bibi."

Basi andika jina la bibi.