Je, Wajua? Nguchiro Wana Zamu ya Mchana na ya Usiku

Katika Serengeti, nguchiro wa aina kadhaa hula wadudu kwenye ardhi ile ile, lakini saa zao ni tofauti.

Nguchiro kibete ana uzito wa gramu 300 hivi tu. Hulala na jamaa zake ndani ya kichuguu na hutoka jua likishachomoza. Mchana una mwewe, hivyo mmoja hukaa juu akilinda wakati wenzake wakifukua. Katika nyika ya Taru, Kenya, hondohondo hufuatana nao wakidaka panzi wanaofurushwa, na hondohondo huwaonya nguchiro ndege mwindaji akitokea. Cha kupendeza zaidi, nguchiro wakichelewa kuamka, ndege hao huwasubiri pale kichuguuni!

Nguchiro miraba naye ni wa mchana, akitembea katika makundi na kuchakura mavi ya wanyama kutafuta mbawakawa.

Giza likiingia, hawa wameshalala. Ndipo hutoka nguchiro mkia-mweupe, mkubwa kuliko wote, mwenye kilo 4 hivi. Huyu huwinda peke yake, akinusa na kusikiliza mbawakawa na mchwa usiku kucha.