Kalsiamu Inapofika Mlangoni

Ukikata msuli wa moyo, seli zilizopasuka hufa, lakini baada ya muda mfupi jirani zake huendelea na kazi kama kawaida. Mjerumani Theodor Engelmann alilibaini hilo mwaka 1877. Ni ajabu, maana seli za moyo zimeunganishwa na vijia vidogo mno, na ni kupitia humo umeme wa mapigo husafiri. Iweje jeraha la seli moja lisivuje hadi kwa nyingine?

Kijia hujengwa na protini ziitwazo koneksini, sita za seli hii na sita za jirani, zikikutana na kuacha tundu katikati. Ioni na sukari hupita, protini hukwama.

Mlinzi wa tundu hilo ni kalsiamu. Seli hai huisukuma nje usiku na mchana, hata ndani ikabaki pungufu mara 10,000 hivi kuliko nje. Utando ukitoboka, kalsiamu hufurika, na kijia hufunga.

Jaribio ninalolipenda ni la Birgit Rose na Werner Loewenstein, mwaka 1975. Walitumia tezi za mate za lava wa Chironomus, mdudu ambaye jamaa zake huruka kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Seli zake ni kubwa, sindano nyembamba huingia bila taabu. Walitia ndani protini ya kiwavuvi inayong'aa ikigusana na kalsiamu, kisha wakadunga kalsiamu kidogo. Mwanga ulipobaki katikati ya seli, mawasiliano na jirani hayakutetereka. Ulipofika kwenye kiungo cha seli hiyo na jirani, yalidhoofika. (Vijia vya wadudu vina protini za aina nyingine, ila kwa kalsiamu tabia ni ileile.)

Asidi nayo hufunga. Mshipa wa moyo ukiziba, seli hukosa oksijeni, ioni za haidrojeni, yaani asidi, hurundikana, kalsiamu hupanda, na vijia hufunga kimoja baada ya kingine. Seli nzima hunusurika, lakini umeme hupungua kasi, huzunguka sehemu iliyoumia na pengine hurudi ulikotoka, na mapigo huvurugika. Vurugu hiyo huweza kuua haraka kuliko jeraha lenyewe. Wala si rahisi kuamua dawa ifanye nini: ikivilazimisha vijia vibaki wazi, umeme utapita vizuri, na kalsiamu ya seli inayokufa itapita humohumo.