Aliyezimia Kisimani Usimfuate

Leo ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria wala kuhara. Unazungumzia kamba. Huenda ukajiuliza kamba na afya vinahusiana vipi. Soma kwanza, kisha umsomee na jirani yako ambaye bado hajajua kusoma.

Fikiri ni mwezi wa kumi. Kiangazi kimekaza na maji ya kisima cha kitongoji chenu yamepungua. Mmekubaliana kukisafisha, mtoe tope ili maji yapate njia. Mdogo wako anashuka kwa kamba mpaka chini, anaiachia kamba na kuanza kujaza ndoo. Ndoo ya kwanza inapanda. Ya pili inapanda. Ya tatu haipandi. Unamwita, haitiki. Unachungulia, unamwona ameketi kwenye tope, kichwa kimelala kifuani kama mtu aliyesinzia.

Utafanya nini? Utashika kamba na kushuka, maana ndivyo afanyavyo ndugu mwenye moyo. Kabla hujamfikia, magoti yatalegea, mikono itaachia kamba, nawe utaanguka juu yake. Jirani yako atawaona wawili mmelala, naye atashuka. Jioni kitongoji kitachimba makaburi matatu.

Mambo haya hutokea kweli, tena si katika nchi yetu tu. Mwaka 1986 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini ilitoa onyo kwa wafanyakazi. Ilieleza kwamba katika vifo vinavyotokea ndani ya matangi, mashimo na mahali pengine palipofungika, zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa walikuwa watu walioingia kuokoa wenzao. Yaani katika kila watu 10 waliokufa, zaidi ya 6 walikuwa waokoaji.

Kinachoua humo ni hewa. Katika hewa tunayovuta kila siku, kila sehemu 100 zina oksijeni sehemu 21 hivi. Zikipungua chini ya 19 na nusu, wataalamu huhesabu kwamba mahali hapo si salama. Zikipungua chini ya 10 mtu huzimia upesi, na chini ya 6 hufa kwa dakika chache. Ubaya wake ni kwamba mwili haukupi taarifa. Huoni kitu, husikii harufu, hukohoi. Unasikia kichwa chepesi, kisha miguu si yako. Unapokumbuka kupanda, nguvu za kushika kamba zimekwisha.

Oksijeni hiyo huliwa na majani yanayooza na tope lililokaa muda mrefu. Badala yake hutoka hewa ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama chini ya shimo kama maji. Katika shimo la choo mna gesi nyingine inayonuka kama mayai viza. Gesi hiyo ikizidi, pua hushindwa kuinusa. Kwa hiyo usiseme, "Harufu imeisha, sasa tushuke." Na wale wenye mashine za petroli za kuvuta maji, tafadhali sikieni. Maji yakirudi chini, wengine huishusha mashine ndani ya kisima ili iyafuate. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mashine ibaki juu, mbali na mdomo wa kisima.

Wazee wetu wana desturi ya kuteremsha kibatari kwa kamba kabla mtu hajashuka. Kikizimika, hakuna anayeshuka. Desturi hiyo ina akili, maana moto nao hutaka oksijeni. Lakini kibatari hakijui sumu. Ile gesi ya mashine haikizimi. Na katika shimo la choo mna gesi inayoshika moto, inaweza kulipuka usoni pako. Basi kwa kisima, kikizimika kiamini, kikiwaka usikiamini. Kwa choo, usiteremshe moto kabisa.

Sasa tuwatazame wenye kazi yao. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liliwekewa sheria yake mwaka 2007. Watu wengi wanadhani kazi yake ni kuzima moto tu, lakini kutoa watu mashimoni ni kazi yake pia. Namba ya simu ni 114. Vituo vyake vingi viko mijini, kwa hiyo huenda mkangoja. Pigeni hata hivyo, tena mapema, kabla ya kujaribu jambo jingine lolote.

Wakifika, ujue kwamba utakasirika. Utawaona wanapima, wanafunga, wanakaguana, wala hawashuki. Utataka kupiga kelele kwamba mtu anakufa. Ningependa ujue wanachofanya, ili usiwasumbue na ili uige kinachoigika.

Kwanza huwasogeza watu wote nyuma, maana ukingo wa kisima kilichochimbwa kwa jembe ni udongo mtupu. Watu ishirini wakiusimamia, unaweza kumeguka na kumfukia aliye chini. Kisha huteremsha kifaa cha kupima hewa, wakapima juu, katikati na chini, maana hewa haiwi sawa kote.

Halafu hutafuta mahali pa kufunga kamba. Hawafungi kwenye kigingi wala kwenye mti wa kivuli uliopandwa juzi. Hutafuta mti mkubwa ulio hai, au hutumia gari lao baada ya kulizuia magurudumu na kuchomoa ufunguo, ili mtu asije akaliondoa kwa kusahau. Juu ya mdomo wa kisima husimamisha vyuma vya miguu mitatu vyenye kapi, ile roda ya kupitishia kamba. Kamba ikining'inia katikati haisuguani na jiwe. Kama ni lazima ipite ukingoni, huweka kitu kinene chini yake, kwa sababu kamba yenye uzito wa mtu hukatwa na ncha ya jiwe upesi kuliko unavyodhani.

Anayeshuka hufungwa kamba mbili. Moja humbeba. Ya pili haibebi kitu, inamfuata tu, inashikwa na mtu mwingine na imefungwa mahali pengine. Kwa nini mbili? Fundo likifunguka, au mkono wa mmoja ukiteleza, ile ya pili humkamata. Mgongoni ana mtungi wa hewa na usoni ana kifuniko cha kuvutia hewa hiyo. Kichwani ana kofia ngumu, maana kokoto inayoanguka mita kumi si kokoto tena. Na juu yuko askari mwingine aliyekwisha kuvaa vyote hivyo, tayari kushuka kama wa kwanza atapata shida.

Kabla hajashuka, mwenzake humkagua. Humshika kwa mkono mkanda, ndoano na kila fundo, moja baada ya jingine. Hata mwenye miaka 20 kazini hukaguliwa. Mimi naona hili ndilo la kuiga kuliko yote, tena halina gharama. Mtu mwenye haraka halioni kosa lake, bali mwenzake hulioni dakika ileile. Amri hutolewa na mmoja tu, lakini neno "Simama!" anaweza kulisema yeyote anayeona hatari.

Na kamba zenyewe? Ni za nailoni, unene wake milimita 11 hadi 13 hivi, zenye nyuzi za ndani zinazobeba na ganda la nje linalozilinda. Kamba ya kuokolea watu haifungi ng'ombe, haivuti gari, haianikiwi nguo. Haikanyagwi, maana mchanga ukiingia ndani hukata nyuzi kidogo kidogo. Haiachwi juani wala karibu na maji ya betri. Kila kamba ina daftari lake linaloandikwa imetumika lini na kwa kazi gani. Ikishapata mvuto mkubwa wa ghafla hutupwa, hata kama inang'aa kama mpya.

Turudi kisimani kwenu, simu imekwisha kupigwa na gari bado liko mbali.

Kama aliye chini anajibu, ongeeni naye bila kukoma. Mteremshieni kamba yenye kitanzi. Kama ni ya katani, isokotoeni kidogo mtazame ndani. Kamba ya katani huoza kwa ndani huku nje ni nzuri. Ikitoa vumbi au nyuzi zikikatika kwa vidole, iacheni. Iliyo nzima, wanaume wanne waivute kwanza kwa nguvu zao zote. Kitanzi kiwe cha fundo lisilokaza, kama lile la kumfunga mbuzi shingoni asijinyonge. Wavuvi na wafugaji wanalijua vizuri, waulizeni. Akipitishe chini ya makwapa, si kiunoni, na mikono aibane mbavuni. Ninyi juu, izungusheni kamba kwenye shina la mti na mtu mmoja aikaze kila mnapovuta, ili mikono ikichoka asianguke tena. Vuteni polepole.

Kama hajibu, hapa ndipo penye uzito. Asishuke mtu. Najua ni neno gumu kumwambia mama aliyesimama pale. Lakini asiye na mtungi wa hewa hawezi kumpandisha mtu aliyezimia. Atalala kando yake. Teueni watu wawili wenye nguvu wamshike kaka yake, kwa sababu atataka kuruka. Wasione haya kumshika. Wengine wafunge matawi mabichi yenye majani mengi kwenye kamba, wayateremshe na kuyapandisha kwa haraka bila kumgonga, ili hewa ya juu ichanganyike na ya chini. Huenda ikamsaidia aliye ndani, lakini haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumfuata.

Unaweza kusema, "Basi mwandishi anatuambia tukae tumtazame akifa." Hapana. Nataka turudi nyuma, asubuhi ile, kabla mdogo wako hajashuka.

Alishuka kwa kamba, akaiachia. Hapo ndipo palipoharibika. Kama angevaa mkanda unaomshika mapajani, kifuani na mabegani, kamba ikafungwa kwenye mkanda huo na ikabaki mwilini mwake muda wote wa kazi, kusingekuwa na haja ya mtu kumfuata. Mngevuta tu. Kitanzi kimoja cha kifuani hakitoshi kwa mtu aliyezimia, maana mikono huinuka naye huchomoka. Mkanda kamili hauna bei ya mchezo, ni kweli. Lakini kitongoji kizima chaweza kuchanga mkanda mmoja, kamba mbili na roda, vikatunzwa na mtu mmoja pakavu.

Na wanaobaki juu wawe wanne wa kuvuta, na mmoja ambaye kazi yake ni moja tu: kumwita aliye chini kila dakika. Asichote maji, asivute sigara, asishughulike na simu. Akiita mara moja bila jibu, hasemi "labda hajasikia". Anasema "Vuta!" na kamba inavutwa. Kama aliye chini alikuwa ameinama tu akifunga ndoo, atapanda juu akiwatukana. Mwacheni atukane.

Akipandishwa hajitambui, mlazeni chali mahali penye upepo. Kama alianguka kutoka juu, mshikeni kichwa na mwili pamoja, shingo isipinde. Tazameni kifua. Kama hakiinuki, au anatweta kwa nadra kama samaki aliyetolewa majini, mmoja apige magoti kando yake, aweke viganja viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, abonyeze kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika. Anayejua kupuliza pumzi kinywani apulize mara mbili baada ya kila mibonyezo 30. Asiyejua aendelee kubonyeza tu. Mpokezane, kwa sababu kazi hiyo inachosha, wala msiache mpaka apumue au mganga afike.

Akizinduka, akaketi, akaomba uji na kusema hana neno, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Gesi za shimoni huweza kumrudia mtu baada ya saa kadhaa, mapafu yakajaa maji usiku nyumbani kwake. Aende na mtu aliyekuwapo, amweleze mganga alikaa chini kwa muda gani, na kama palikuwa na mashine au choo.