FRIGO YA PETROLI IKIKATALA KUTOA BARIDI

Ndugu wanafunzi, muhula huu kila darasa litapata zamu ya kuangalia frigo ya dispansari, ile ya petroli (mafuta ya taa). Wengine muko nayo hata kwenu nyumbani. Katika ile ya dispansari mnalala chanjo za watoto, nazo hazipaswi kupita digri 8 wala kushuka chini ya 2.

Baridi ikipunguka, karibu kila mtu anapandisha utambi ili moto uwe mkubwa. Hapana! Frigo hii haina motere. Moto unachemsha maji yenye amonia ndani ya mabomba. Amonia inapanda kama mvuke, inapoa kule nyuma na kuwa maji-maji, halafu inashuka, inakutana na hidrojeni na kugeuka mvuke tena. Ni pale inapovuta joto la vitu vilivyomo. Wanafunzi wawili wa Stockholm, von Platen na Munters, ndio waliovumbua namna hii mwaka 1922, wakiwa wangali masomoni. Kila kitu kinatembea kwa joto na kwa kuteremka tu. Moto ukizidi, maji nayo yanapanda pamoja na amonia, na baridi inapotea kabisa.

Basi kwanza mupige magoti, mutazame moto. Unapaswa kuwa wa bulu. Ukiwa wa manjano, unatoa masizi, na masizi yanaziba bomba la moshi. Zimeni, ngojeni ipoe, kateni utambi ulioungua uwe sawasawa pande zote. Toeni kile chuma kilichosokotwa ndani ya bomba, pigeni burashi. Kazi hii ni ya kila juma, si ya siku ya taabu.

Moto ukiwa muzuri na baridi hakuna, wekeni sahani ya maji ndani. Maji yakikimbilia upande mumoja, frigo imeinama: tieni kibao chini ya mguu. Tena isibanwe na ukuta, mgongo wake unataka hewa. Barafu ikipita nusu sentimetre iyeyushwe, lakini munganga ahamishe chanjo kwanza. Na wale wanaoficha chupa zao za maji mule, tunawajua; kila mara mlango ukifunguliwa joto linaingia.

Baridi kupita kiasi nayo ni mbaya. Chanjo ya tetanosi ikiganda imekwisha kufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Juu ya mafuta tunasema kwa nguvu: petroli ya sokoni mara nyingine imechanganywa na esansi, na ile inalipuka. Ikinuka esansi hata kidogo, irudisheni kwa muuzaji. Tanki lijazwe nje, moto umezimwa.

Mukisikia harufu kali inayochoma macho, bomba limetoboka. Zimeni moto, fungueni madirisha, tokeni wote, muite munganga aje na sanduku la barafu kwa ajili ya chanjo. Frigo ile haiwashwi tena.