Rekodi za mfereji na jembe chini ya Ngorongoro

Sifa za Ngorongoro kila dereva wa watalii anazijua kwa moyo: kreta kubwa kuliko zote duniani miongoni mwa zile ambazo kuta zake hazijabomoka wala sakafu yake haijageuka ziwa, kilomita za mraba zipatazo 260 ndani ya ukuta wa mita 600 hivi. Ni kweli tupu. Ila milima hiyohiyo ina rekodi nyingine, za wakulima, na hizo sijaona fulana ya Karatu inayozitangaza.

Skimu ya kale ya umwagiliaji iliyo kubwa kuliko zote iko Engaruka, wilayani Monduli, pale ukuta wa Bonde la Ufa unaposhuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Mawingu humwaga mvua yake huko juu. Bondeni hubaki vumbi na migunga. Watu walioanza kulima pale, tangu karne ya 15 hivi, hawakuingoja mvua. Waliukinga mto Engaruka na vijito vya jirani mara tu vinapotoka mlimani, wakayaongoza maji kwa mifereji ya mawe yasiyo na saruji hadi kwenye majaruba yaliyotanda hekta zipatazo 2,000. Kusini mwa Sahara hayajulikani mashamba ya kale ya umwagiliaji, kati ya yale yaliyoachwa na wenyewe, yanayoizidi Engaruka kwa eneo.

Ukubwa peke yake ungenichosha. Kinachovutia ni kazi ya mikono. Jaruba limezungushiwa mstari wa mawe na kusawazishwa ili maji yatambae, yasikimbie na udongo. Mawe yaliyozidi yamerundikwa pembeni. Sehemu nyingine hata udongo wenyewe uliletwa na maji: wakulima waliyaachia maji ya tope yaingie nyuma ya mawe, tope likatua, msimu baada ya msimu, mpaka pakawa shamba. Mwanaakiolojia Hamo Sassoon alipochimba miaka ya 1960 alikuta punje za mtama zilizoungua. Ng'ombe walifugwa ndani ya mazizi ya mawe, na wataalamu wanaamini samadi yao ilipelekwa shambani. Vijiji saba vilijengwa mteremkoni, juu ya vitako vya mawe, tambarare yenye rutuba ikaachiwa mazao. Siku hizi tunajenga kinyume chake.

Kadirio kubwa kuliko yote la wakazi wa Engaruka ni la mwanaakiolojia Louis Leakey. Alifika mwaka 1935, akahesabu nyumba kwa maelfu, akasema waliishi watu kati ya 30,000 na 40,000. John Sutton, aliyeichunguza Engaruka miaka mingi baadaye, aliishusha hesabu hiyo hadi maelfu machache. Mimi niko upande wa Sutton: mashamba yote hayakulimwa kwa wakati mmoja, na mto ule usingeweza kunywesha mtama wa mji mzima.

Mjadala mkongwe kuliko yote ni kuhusu wenyewe, yaani walioijenga Engaruka walikuwa nani. Katika karne ya 18 mifereji ilikuwa imeshaachwa. Kuna wanaowataja Wairaqw, kuna wanaowataja Wasonjo, na bado hakuna aliyeleta ushahidi wa kufunga mdomo wa mwenzake.

Wasonjo, au Batemi kama wanavyojiita, wana sifa ya kudumu. Huko Digodigo na Samunge, wilayani Ngorongoro, maji ya chemchemi bado hugawiwa kwa zamu, na wazee wenye mamlaka ya maji, wenamiji, ndio wenye neno la mwisho. Mwenye shamba asiye na zamu ana ardhi tu.

Shamba lililokuwa na mandhari nzuri kuliko yote lilidumu muda mfupi. Ndugu wawili Wajerumani, Adolph na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walilima na kufuga ndani ya kreta yenyewe, na walijaribu hata kuwafukuza nyumbu. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa. Baadaye kilimo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi 1992, kisha kikazuiwa tena.

Kwa jina sokoni, hakuna anayeishinda Mang'ola, wilayani Karatu. Kando ya Ziwa Eyasi lenye maji ya magadi, katika nchi ya Wahadza, chemchemi za maji baridi zinanywesha vitunguu vinavyouzwa hadi Nairobi. Pale nako ugomvi ni wa zamu za maji.

Ukipita Mto wa Mbu kwenda kreta, kabla gari halijaanza kupanda ukuta, geuza kulia ufuate njia ya Ziwa Natron hadi Engaruka. Tafuta mwenyeji akutembeze, na usihamishe jiwe hata moja.