Mchuaji Asiye na Bosi

Kwenye fukwe za Nungwi na Paje, Unguja, masaji haihitaji jengo la kifahari. Kibanda cha makuti, kitanda, khanga safi na chupa ya mafuta ya nazi vinatosha kuanzia kazi. Ufundi wenyewe si mgeni: kabla ya hoteli za kitalii, wanawake wa Pwani walikuwa wakiwakanda wazazi kwa maji moto katika zile siku 40 za baada ya kujifungua, na kuwasinga maharusi kwa singo yenye asmini na langilangi.

Mchuaji anayejitegemea hupanga bei mwenyewe, hufua mashuka mwenyewe. Masika ikiingia na watalii wakapungua, mfuko nao hukauka.

Lakini kazi kubwa huanza kabla mafuta hayajaguswa. Ni maswali. Una ujauzito? Umepasuliwa karibuni? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Mteja aliyeshuka kwenye ndege ya saa nyingi, mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, hachuliwi hata akisihi. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likiachia linaweza kufika kwenye mapafu na kuua. Huyo ni wa hospitali, na fedha yake arudishiwe.

Mchuaji naye ana mwili. Vidole gumba ndivyo huchoka kwanza, ndiyo maana wazoefu huegemeza uzito wao badala ya kusukuma kwa mkono mtupu.

Basi ukimwendea, usimfiche ugonjwa wako.